Barua kwa binti yangu: ukuta mtupu

Lubumbashi

Mwanangu, mama,

Picha za nyumba yako mpya zimenifikia kwa simu, na chupa ya divai binamu yako ameileta salama. Amevuka nayo mpaka wa Kasumbalesa imeviringishwa ndani ya sweta. Uliniuliza: "Baba, rafiki zangu huku Cape Town wanasema ukuta mweupe mtupu ndio unaopendeza. Wewe ungetundika nini?" Nimelilalia swali lako siku nne.

Nianze na picha ya kuchorwa aliyoinunua babu yako, ile uliyokuwa ukiiogopa utotoni: mfungwa amelazwa kifudifudi, askari ameinua kiboko, mzungu anatazama na kiko mdomoni, wanawake wanalia pembeni. Mwaka 1974 mchoraji alipita kwetu na picha zake kwapani, kama walivyopita wengi siku zile. Babu yako alikuwa fundi cherehani. Kabla hajaitazama aliigeuza, akapapasa kitambaa, akasema, "Huu ni mfuko wa unga." Ndipo akaitazama mbele, akanyamaza, na bei hakuibishania. Mama yangu alitaka mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki aliyetundikwa kwa majirani wengi. Babu akakataa.

Hapa mjini picha kama ile waliiita ukumbusho. Babu yako hakuwahi kuniketisha anieleze habari za baba yake, hata siku moja. Lakini mgeni akiketi, macho yanakwenda ukutani, anaanza: "Mimi nilimwona mjomba wangu..." Na babu, katika kumjibu mgeni, anayasema yale ambayo mimi hakuniambia. Kodi aliyoikosa baba yake, viboko alivyopigwa mbele ya wakwe zake, yote niliyasikia nimesimama na jagi la munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, nikiogopa kumimina nisije nikawakatiza.

Miaka ya 90, fedha ilipokuwa makaratasi, tuliuza viti, tukauza gramafoni pamoja na sahani za Mwenda Jean Bosco. Sahani zile zinaniuma hadi leo. Yule bwana alipiga gitaa kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, nawe ungeapa kwamba wamekaa wapigaji wawili. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 Jadotville, Likasi ya leo, akiimba kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Mtafute, umpige kwa sauti ya chini wageni wakiwepo. Ni muziki unaowaachia watu nafasi ya kuongea. Picha ya babu haikuuzwa.

Divai yako tuliinywa Jumapili kwa bukari, ugali wetu, na michopo, ile nyama ya mbuzi ya kuchoma. Kwa joto hili la Oktoba niliitia kwanza kwenye friji nusu saa. Ina moshi kidogo nyuma ya utamu, ikapatana na mbuzi vizuri sana. Zabibu hiyo ya Pinotage ilizaliwa huko huko Stellenbosch mwaka 1925: Abraham Perold alichanganya Pinot noir na Cinsault, ambayo huko waliiita Hermitage, jina likaungwa kutoka pande zote mbili. Mama yako anaiona kali, amerudia munkoyo wake. Ila nimeona kwenye picha zako chupa sita zimepangwa juu ya kabati kama mapambo. Zifungue, mama. Ita watu.

Unasema watu huko wakisikia unatoka Lubumbashi wanakuuliza kobalti tu. Sishangai. Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kuiuza nje, kisha Oktoba ikaruhusu kwa viwango vilivyowekwa, na dunia nzima ikageuka kututazama. Hata mimi nasikiliza habari hizo kila asubuhi, kwa kuwa mkate wa watu wengi hapa umo humo. Lakini inanichoma kwamba mji uliokulea umebaki jina la madini midomoni mwa watu.

Kwa hiyo nimemwendea mchoraji mmoja kijana. Nimemwagiza bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na ule mlima mweusi wa masalio ya kuyeyusha madini ulio kando yake, ila auchore ulivyokuwa nikiwa mtoto, kabla hawajaanza kuuchota upya kwa ajili ya kobalti iliyobaki ndani. Nimemtaka achore usiku, masalio ya moto yakimwagwa na anga limewaka jekundu, kwa sababu usiku wa namna hiyo ndio nilipomsindikiza mama yako kwao kwa mara ya kwanza. Mgeni wako akiuliza mlima gani huo, unaanzia hapo, kwa mama yako, halafu kobalti itafuata.

Picha ya babu siitoi bado. Itakuja kwako, lakini siku hiyo nitaileta mwenyewe.

Nipimie ukuta ulio mkabala na mlango, upana na urefu, kwa sentimita. Fundi wa fremu ameniuliza mara mbili.

Baba yako