Usifungue poti ya ruta kwa ajili ya kamera. Mimi nilifungua

Mkuu, kesho huyo fundi akija mfungulie geti, mpe kiti, lakini ruta usimfungulie.

Umeuliza mambo matatu: kamera zako mbili za IP, yaani zile zinazounganishwa na mtandao, ya sebuleni na ya getini, utumie Wi-Fi au waya, uweke memori kadi ya ukubwa gani, na utazionaje ukiwa safarini. Wala sikuja kwa hayo. Nimekuja kwa ule mstari wa mwisho ulioupitisha kama salamu, kwamba fundi anataka nywila ya ruta "afungue poti", na nywila ya kamera mtaiacha ileile ya kwenye boksi ili siku ukimpigia asihangaike kuitafuta. Hayo maneno nayajua. Niliambiwa mimi, nikaitikia "sawa fundi" kwa sauti ya mtu anayeelewa, na juu yake nikamwongezea hela ya shukrani.

Uelewe kwanza unachoombwa. Ruta ya nyumbani ikiachwa ilivyo huruhusu vifaa vyako kutoka kwenda intaneti na kurudishiwa majibu, ila mgeni wa nje anayebisha bila kuitwa anaishia mlangoni. Kufungua poti ni kuiambia ruta: yeyote atakayebisha mlango namba fulani, awe nani, atoke wapi, mpeleke moja kwa moja kwa kamera. Poti 80 kwa kawaida ni ukurasa wa mipangilio ya kamera. Poti 554 ni video yenyewe, ile inayotoka kwa RTSP, njia ya kamera kurusha picha moja kwa moja. Fundi wangu alifungua zote mbili, akatoka nje, akazima Wi-Fi ya simu yake, akaandika anwani ya laini yangu, na sebule yangu ikatokea kwenye kioo. "Umeona bosi? Popote ulipo." Nilifurahi kama mtoto. Sikujiuliza hiyo "popote" ni yangu peke yangu au ni ya kila mtu.

Miezi kadhaa mambo yalikwenda. Kamera yenyewe ni ya kichwa kinachozunguka, ina maiki na spika ndani. Asubuhi moja nikaikuta inatazama ukuta. Nikasema watoto hao. Wiki iliyofuata inatazama dari. Nikasema mota imechoka. Mtu asiyetaka kuona haoni hata akiwa na kamera.

Sasa usiku mmoja mama watoto yuko sebuleni anakunja nguo, mimi niko chumbani. Ile kamera ikigeuka hutoa mlio mdogo, zzz-tik, zzz-tik. Akausikia, akainua macho, lenzi inamwangalia. Akadhani ni mimi nachezea simu. Akaipungia mkono. Akanyanyuka na rundo la nguo kwenda kwenye kabati la upande wa pili. Zzz-tik, zzz-tik, ikamfuata. Akaita, "Baba nanii, acha utoto bwana!" Nikamjibu kutoka chumbani kwamba simu yangu iko kwenye chaji jikoni, hapo mbele yake.

Kimya. Halafu spika ikacheka.

Kicheko chenyewe sikukisikia. Nilichosikia ni nguo zinadondoka na waya unang'olewa ukutani na kipande cha plasta juu yake. Tangu siku hiyo mke wangu akiingia chumba chenye kamera yoyote, hata ya dukani, anatafuta kwanza ilipo, ndipo anakaa. Plasta tuliziba siku mbili tu. Hilo la pili sijaliziba mpaka leo.

Nikaiwasha tena peke yangu, nina hasira za kipelelezi, nikaingia kwenye orodha ya walioingia. Wapo! Anwani ngeni mstari baada ya mstari. Tarehe sasa: 1 Januari 1970. Wote. Fundi hakuiwekea kamera seva ya kuipa saa sahihi, na kifaa kisichojua saa, kikizimika umeme kikawaka, mara nyingi huanza kuhesabu kutoka tarehe hiyo. Kwa hiyo kwa ushahidi wa kamera yangu nilivamiwa kabla sijazaliwa. Nenda kashtaki na karatasi hiyo.

Nikampigia fundi. Mkuu, nimwambie fundi wangu hapa kwa kuwa simu zangu siku hizi hapokei: ulisema, nanukuu, "Bosi, kwani sebule yako ina nini cha mtu kuja kuangalia?" Ukacheka. Mtu wa pili kuchekea sebule yangu wiki hiyohiyo. Aliyenifundisha kupaka rangi hakuniambia nitumie ngazi iliyooza eti kwa sababu hakuna mtu ananiwinda nianguke. Ngazi iliyooza haikuwindi. Inangoja uipande.

Ndivyo ilivyo na poti. Hakuna mtu aliyekaa mahali akasema leo namtafuta fulani. Zinazobisha ni mashine, na zinabisha nyumba zote. Anwani za intaneti za mtindo wa IPv4 hazifiki bilioni 4.3 jumla, na tangu 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwa programu yao ya ZMap kwamba kompyuta moja yenye laini nzuri inazipitia zote kwenye poti moja chini ya dakika 45. Dakika arobaini na tano, mkuu. Muda wa mpira kipindi cha kwanza. Halafu kuna Shodan, mtambo wa utafutaji uliopo tangu 2009, ambao badala ya kurasa za habari unakutafutia vifaa vilivyo wazi: ruta, printa, kamera. Mtu hahitaji kuijua sebule yako. Anaandika neno moja, anapewa orodha, na wewe umo.

Na hiyo nywila ya kwenye boksi ndiyo kabisa. Mwaka 2016 kulikuwa na kirusi kinaitwa Mirai. Hakikuwa na ufundi wa ajabu. Kilikuwa na orodha ya majina na nywila za kiwandani, jozi 60 na kidogo, za aina ya admin na admin, root na 12345, kikawa kinabisha vifaa na kuzijaribu. Kikaokota kamera, rekoda na ruta kwa malaki. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo la vifaa vya majumbani likaigonga kampuni ya Dyn, iliyokuwa inaelekeza kompyuta zifike kwenye tovuti kwa majina yake, na Twitter, Netflix na Reddit zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa kwa watu wengi, hasa Marekani. Walioitengeneza Mirai walikiri mahakamani mwaka uliofuata: vijana watatu tu. Baada ya hapo Uingereza ikaona yatosha. Tangu tarehe 29 Aprili 2024 ni marufuku kule kuuza kifaa kama hicho kikiwa na nywila moja rahisi ya kiwandani kwa wote. Serikali nzima imekaa ikatunga sheria juu ya jambo ambalo fundi wako anakuambia "tuiache tu".

Na yangu nayo ilikuwa jeshini. Nilijua siku kampuni ya intaneti iliponiandikia kwamba laini yangu inashambulia watu, wakanikatia. Mimi! Mtu ambaye printa tu inanishinda.

Sasa tega sikio, maana hapa ndipo nilipopoteza pesa na heshima pamoja. Nilijiona nimejifunza. Nikaifuta kamera ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, nikaweka nywila ndefu ya herufi 16, nikafuta poti zote mbili kwenye ruta kwa mkono wangu. Nikamwambia mama watoto, tulia, mzee nimefunga. Nikawaandikia kampuni ya intaneti barua ya kiungwana nikaomba laini irudi. Ikarudi. Wiki tatu baadaye: barua ileile, kamera ileile, na safari hii wakakata bila adabu.

Kumbe ndani ya ruta kuna kitu kinaitwa UPnP, na kwangu kilikuwa kimewashwa tangu siku ya kununuliwa. Kazi yake ni kuruhusu kifaa cha ndani kijiombee poti chenyewe bila kukusumbua wewe. Kwa hiyo mimi nafunga, kamera ikiwaka inaiambia ruta "nifungulie", ruta inasema "karibu". Na poti hizo hazionekani kwenye ukurasa nilioufuta. Ruta yangu inazionyesha kwenye orodha nyingine kabisa, ambayo sikuwahi kuifungua. Nimelinda mlango wa mbele wiki tatu, mpangaji ndiye anafungua wa uani.

Utasema, lakini nywila ilikuwa ndefu. Ilikuwa ndefu, ndiyo, na haikuulizwa. Programu ya ndani ya kamera ilikuwa ya zamani, ina tobo. Mwaka 2017 lilitangazwa tobo kwenye kamera za kampuni moja kubwa ambapo mtu akibandika maneno machache mwishoni mwa anwani, kamera inampa picha kana kwamba ni mwenye nyumba. Haiulizi nywila, iwe herufi nne au mia nne. Kifaa cha namna hiyo ukikiweka wazi intaneti, nywila yako ni kufuli la dhahabu kwenye mlango wa pazia.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na unaweza kuniita kasuku: kamera isifikike kutoka nje. Wewe ndiye urudi nyumbani, kisha uitazame ukiwa ndani.

Unarudije nyumbani ukiwa safarini? Kwa VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti, inayokaa kwenye ruta yako mwenyewe, siyo zile za kulipia kila mwezi za kubadilisha nchi. Ruta nyingi za sasa zina aina mojawapo ya VPN hizo, WireGuard au OpenVPN, ndani ya mipangilio. Unaiwasha, inakutengenezea funguo, unazihamishia kwenye simu. Ukiwa mbali unabonyeza swichi moja, simu inakuwa kama imeshika Wi-Fi ya nyumbani, unafungua kamera kwa anwani ileile ya ndani. WireGuard nayo ina poti yake, sikatai kabla hujaniumbua, lakini haimjibu mtu asiye na funguo. Anayebisha hapati hata "hodi hatuna".

Kama laini yako unachangia anwani na wateja wengine, VPN ya nyumbani itakugomea. Utaijua hivi: anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ruta inaanzia kati ya 100.64 na 100.127, au haifanani na ile unayoonyeshwa na tovuti za kuangalia anwani. Habari njema ni kwamba hapo hata poti ya fundi haitafanya kazi. Basi tumia programu ya simu ya mtengenezaji, ile inayopita kwenye seva zao. Siipendi, maana picha zako zinapita kwa watu, lakini ikiwa na nywila isiyotumika kwingine na uthibitisho wa hatua mbili, bado naiona afadhali mara mia ya poti iliyo wazi. Ya sebuleni izime maiki kama huihitaji. Ukiweza hata isitazame mnapokaa, itazame mlango.

Na kabla ya yote: zima UPnP, pandisha programu ya ndani ya kamera iwe toleo jipya, badilisha nywila, weka saa. Saa, mkuu. Nimeshakuambia kuhusu 1970.

Ukubwa wa kadi nao uliuliza. Kamera ikitoa megabiti 4 kwa sekunde, ni kama GB 43 kwa siku, maana yake kadi ya GB 128 inajaa siku ya tatu na kuanza kujifuta. Irekodi kukiwa na mjongeo tu, na ununue kadi zile za kazi ya kurekodi mfululizo. Lakini kadi ya nini kama mgeni anaweza kuingia kwa poti 80 akaifuta yote kwa kubonyeza mara moja? Ukurasa wangu wa mipangilio ulikuwa na kitufe kikubwa kabisa cha kufuta kadi. Unaona tunarudi palepale.

Lile swali jingine limenitoka, wadau watalimalizia.

Wewe usingoje kesho. Zima Wi-Fi ya simu sasa hivi, tumia bando, andika anwani ya nje ya laini yako kwenye kivinjari, kwanza peke yake, kisha weka alama ya nukta mbili (:) na namba ya kila poti unayoiona kwenye orodha ya UPnP ya ruta. Ukurasa wa kamera au wa ruta ukifunguka, chomoa waya kwanza halafu ndiyo urudi hapa kuandika. Usipofunguka rudi pia, useme orodha ya UPnP ina mistari mingapi.