Moyo mzima, kifua kinabana: uliza umio

Juzi msomaji mmoja kaniandikia usiku wa manane: "Dada, moyo wangu wamesema mzima, mbona kifua bado kinabana?" Niliamka nikakaa kitako. Maneno hayo nimeyasema mimi, tena kwa kulia.

Nilipimwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, mara tatu, zote safi. Daktari wa tatu akafunga faili, akaniambia nipunguze mawazo. Kauli hiyo inanichoma mpaka leo. Dawa za asidi zilinipa nafuu nusu nusu. Na kumbe dalili nilikuwa nazo mdomoni: tonge nalitafuna hadi linakuwa uji, glasi ya maji haibanduki mkononi, mezani mimi ndiye wa mwisho kuinuka. Nikadhani ni ustaarabu!

Kamera ya kwanza ya kupitishwa kooni ikaonyesha umio, ule mrija wa chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni laini, hauna kidonda. Nikarudishwa nyumbani bila kunyofolewa hata punje ya nyama ya kupima. Ya pili nilikutana na daktari kijana aliyeanza kwa kuuliza, "Una pumu au mafua ya mzio?" Ninavyo vyote viwili. Akachukua vipande sita vya umio, vya juu, kati na chini. Hadubini ikakuta eosinofili zaidi ya 40 kwenye eneo moja la kutazama; zikifika 15 tayari ni shida, na umio wenye afya kwa kawaida hauna hata moja. Hizo ni seli za kinga, askari wanaopigana na minyoo na wanaoamka kwenye mzio. Kwangu walipiga kambi kwenye njia ya chakula; ugonjwa huo huitwa eosinophilic esophagitis (EoE).

Miezi ya matibabu naipita, inachosha: budesonidi ya kumeza, dawa ya kutuliza uvimbe, kila dozi nusu saa bila kula wala kunywa, na kuacha maziwa. Ngano niliponea chupuchupu.

Sasa nisikilizeni. Kifua kikibana, moyo kwanza, tena haraka. Usijitibu kwa makala yangu. Moyo ukishapimwa na kuonekana mzima, usikubali kuambiwa ni mawazo. Omba kamera, na ukiingia kwenye kamera omba vipande, hata umio ukionekana mzuri. Narudia: vipande! Jicho halioni seli. Mweleze daktari unavyokula, si unavyoumwa tu. Mimi nilinyamaza kwa aibu, nikapoteza miaka minne.

Yule msomaji nilimjibu saa tisa usiku, swali moja tu: sahani moja unaimaliza kwa dakika ngapi?

Akajibu: "Arobaini. Na maji glasi tatu. Umejuaje?"