Usiache samaki, acha papa

Dada mleta uzi, usithubutu! Una mimba ya miezi minne, umesikia habari za zebaki kwenye samaki, metali yenye sumu inayoweza kumdhuru mtoto tumboni, sasa unataka samaki wasiingie tena jikoni kwako hadi ujifungue. Subiri kwanza, hili la samaki ndilo lililoniumiza mimba ya kwanza.

Mimi alinipoteza mtu aliyejiita mshauri wa lishe kwenye kundi la WhatsApp. "Samaki wote sumu," basi. Hakusema samaki gani, wala hakuuliza nyumbani tunakula nini kingine. Nyama kwetu ni ya Jumapili, kwa hiyo nikabaki na wali mchicha, chai na maandazi. Dagaa wakikaangwa na kitunguu, wakakamuliwa ndimu, nawasogezea wenzangu huku mate yananitoka. Kisha mtu huyohuyo akaniuzia vidonge vya mafuta ya samaki, kwa bei ya kunyonga! Hasira zangu kwake hazijaisha hadi leo.

Tazama Shelisheli, wavuvi kama sisi wa pwani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester cha Marekani na wizara ya afya ya kule waliandikisha watoto 779 waliozaliwa 1989 na 1990. Mama zao walikuwa wanakula samaki mara 12 hivi kwa wiki. Walipima zebaki kwenye nywele za mama, wakawafuatilia watoto hadi wakawa watu wazima, na hawakuona madhara ya kueleweka. Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya, ndiko watoto wa miaka 7 walionekana kupungukiwa kwenye kumbukumbu, lugha na umakini kadiri zebaki ya mama ilivyozidi. Lakini kule zebaki nyingi ilitoka kwenye nyama ya nyangumi, si kwenye vibua.

Zebaki hurundikana kwa samaki anayeishi miaka mingi akila wenzake: papa, samaki upanga. Imeshika kwenye mnofu wenyewe, kwa hiyo kumkausha wala kumchemsha hakuitoi. Mama mkwe akikuletea bakuli la papa mkavu wa nazi, pokea, shukuru, mpe mumeo. Wewe kula dagaa, vibua, sato, mara mbili tatu kwa wiki.

Na kliniki usiseme tu "nakula samaki." Wataje kwa majina, mmoja mmoja, ndipo uulize yupi umwache.