Jibu: Mkaguzi anasema njia ya kuosha matangi ni dhahiri

Ndugu, umeuliza ukate rufaa vipi Marekani, mkaguzi akikunyima hataza (haki ya mvumbuzi) ya njia yako ya kuosha matangi ya maziwa, akidai ni dhahiri: nyuzi 70 na kostiki (soda kali ya kuoshea) asilimia 2 angezifikia fundi yeyote kwa kujaribujaribu. Hiyo ni hoja ya kesi ya Aller, 1955, ambako mahakama ya Marekani ilisema kupata viwango bora kwa majaribio ya kawaida si uvumbuzi, na maneno matupu hayaing'oi. Leta hati ya kiapo yenye vipimo: mabaki ya maziwa kwenye chuma kwa nyuzi 60, 70 na 80, yakilinganishwa na njia ya zamani. Tofauti iwe isiyotarajiwa. Nafuu kidogo haitoshi. Iwasilishe kabla ya notisi ya rufaa, kwani baada ya hapo ushahidi mpya hupenya kwa shida. Hoja za maandishi unazo miezi 2 tangu notisi. Tena punguza dai, yaani upana wa kinga unayoomba kwenye hataza: "nyuzi 40 hadi 90" halibebwi na matokeo ya 70 peke yake. Wengi huangukia hapo.