Mnyama aliyefungua mlango: majibu kwa wasomaji wawili wa Lubumbashi

SWALI. Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu na ninakaa Kamalondo. Nilipokuwa msichana mdogo, jirani yetu alikuwa na kaseti ya video ya filamu ya katuni “La Belle et la Bête”, yaani Mrembo na Mnyama, na watoto wote wa avenyu yetu tuliijua nyimbo kwa nyimbo. Mwezi uliopita niliipata tena, nikaitazama pamoja na binti yangu wa miaka tisa. Mdogo wangu wa kiume, ambaye alikuwa amekaa nasi, alisema mwishoni kwamba hiyo ni hadithi ya msichana aliyefungiwa ndani na kisha akampenda aliyemfungia, na kwamba haifai kuonyeshwa mtoto wa kike. Nilikosa la kumjibu. Tena, ngano tuliyosomeshwa shuleni ilikuwa na dada wawili wenye wivu, na Gaston hakuwemo kabisa. Je, kumbukumbu yangu inanidanganya? Na je, binti yangu aendelee kuitazama?

JIBU. Mama, kumbukumbu yako haikudanganyi hata kidogo, ila una hadithi mbili kichwani. Ile uliyosomeshwa shuleni iliandikwa na Jeanne-Marie Leprince de Beaumont mwaka 1756, ambaye naye alikuwa amefupisha kitabu kirefu cha Gabrielle-Suzanne de Villeneuve cha mwaka 1740. Humo baba ni mfanyabiashara aliyepoteza meli zake, ana watoto sita, na bintiye mdogo, Belle, anapoulizwa aletewe zawadi gani, anaomba ua la waridi tu. Filamu ya Disney iliyotoka mwaka 1991 iliwaondoa ndugu wote, ikamfanya baba kuwa mvumbuzi wa mashine, na wivu uliokuwa wa wale dada ikampa Gaston, mwindaji anayetaka kumwoa Belle apende asipende.

Lakini tofauti iliyo kubwa zaidi haimhusu Gaston, na ndiyo inayogusa neno la mdogo wako. Katika ngano, Belle anapofika katika jumba la Mnyama anaambiwa kwamba yeye ndiye mwenye amri humo. Kila jioni Mnyama anamwuliza kama atakubali kuwa mke wake, kila jioni Belle anakataa, na Mnyama anaondoka kwa huzuni bila kumdhuru. Anayetakiwa kujifunza ni Belle, aone wema uliofichwa nyuma ya sura ya kutisha. Filamu imeutoa mzigo huo kwa msichana na kumtwika Mnyama mwenyewe: yeye ni mwana wa mfalme aliyemfukuza mlangoni bibi kizee aliyeomba hifadhi usiku, akalaaniwa kwa ugumu wa moyo wake, na ni yeye anayepaswa kubadilika kabla petali ya mwisho ya ua la waridi la uchawi haijaanguka. Kwa upande mmoja ninasikitika kwamba lile swali la kila jioni limepotea, kwa sababu mtoto wa kike angefaidika kusikia neno “hapana” likisemwa mara nyingi na kuheshimiwa kila mara. Kwa upande mwingine, naona filamu ilichagua vema ilipokataa kumpa msichana kazi ya kuvumilia.

Nimeitazama tena mara mbili kabla ya kukuandikia, na sitamficha mdogo wako kwamba ana haki kuhusu sehemu ya kwanza. Mnyama anamfunga baba mzee gerezani, anamkubali binti awe badala yake, anampigia kelele mlangoni ili aje mezani, na anapomkuta karibu na lile ua anapindua samani kwa hasira. Hayo ni mabaya, na filamu yenyewe haiyasifu. Angalia kinachofuata: Belle alikuwa ameahidi kubaki, lakini anapanda farasi na kukimbia usiku uleule kwenye theluji, wala hakuna mtu katika hadithi anayemlaumu kwa kuivunja ahadi hiyo. Mnyama anamwokoa kutoka kwa mbwa mwitu, anajeruhiwa, na wanarudi pamoja hadi mbele ya moto, ambapo Belle anakamua kitambaa chenye maji ya moto ili amwoshe mkono. Mnyama anaunguruma kwamba asingeumia kama Belle asingekimbia. Belle anamjibu papo hapo kwamba asingekimbia kama yeye asingemtisha, na kwamba ajifunze kuzuia hasira yake. Mnyama anatafuta neno la kumrudishia, halipati, ananyamaza. Baada ya hapo tu ndipo Belle anamshukuru kwa kumwokoa, na sauti zao zinakuwa za watu wanaozungumza. Ningesimamisha picha hapo na kumwuliza binti yako ameona nini.

Halafu kuna kile kifungua kinywa. Mnyama anajaribu kutumia kijiko na makucha yake, uji unamwagika usoni, naye anaona haya. Belle anamtazama, anaweka kijiko chake chini, anainua bakuli lake kwa mikono miwili na kunywa. Mnyama anainua lake, na wote wawili wanakunywa uji bila vijiko. Hakuna neno linalosemwa mezani. Sisi ambao tumewahi kumkaribisha mgeni asiyejua kukata tonge la bukari tunaielewa adabu hiyo vizuri: mwenye kujua anashuka kidogo, asiyejua anapanda kidogo, na hakuna anayeaibishwa.

Jibu lenyewe kwa mdogo wako liko baada ya dansi. Katika ngano, Belle anaruhusiwa kwenda kumwona baba yake kwa sharti la kurudi baada ya siku nane, na dada zake wanajifanya kuhuzunika sana ili kumchelewesha. Katika filamu hakuna siku nane wala sharti lolote. Belle anaona kwenye kioo cha uchawi kwamba baba yake amepotea msituni, naye Mnyama anamwambia aende, kwamba yeye si mfungwa tena, na anampa hata kile kioo. Anajua kwamba ua limebakiza petali chache na kwamba kumwachia ni kujihukumu abaki mnyama maisha yake yote. Mtumishi aliyegeuzwa kuwa saa, ambaye katika sauti za Kifaransa tulimjua kwa jina la Big Ben, anaingia akiwa amejaa furaha ya dansi, na anaposikia kilichotokea hawezi kuelewa. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba Belle alimpenda aliyemfungia na hadithi ikaishia hapo. Kwanza mlango ulifunguliwa, akaenda zake akiwa huru, na aliporudi alirudi kwa hiari yake. Wakati huohuo yule kijana mzuri wa kijiji, anayeshangiliwa na kila mtu, ndiye anayepanga baba mzee afungwe pamoja na wendawazimu ili binti akubali ndoa. Filamu imewaweka hao wawili sambamba kwa makusudi, na mtoto wa miaka tisa ana uwezo wa kuona nani alifunga na nani alifungua.

Neno moja kuhusu nyimbo, kwa kuwa umesema mliijua filamu nyimbo kwa nyimbo. Wazee wetu wanaposimulia ngano jioni, mara nyingi katikati huwa kuna wimbo, na wasikilizaji huitikia. Anayeuruka wimbo huo amekata hadithi, kwa kuwa mara nyingi ni ndani yake ambapo ndege anafichua siri au mtoto aliyepotea anajulikana. Howard Ashman, aliyeandika maneno ya nyimbo za filamu hii, na Alan Menken, aliyetunga muziki wake, walifanya kazi kwa namna hiyohiyo. Wimbo wa mwanzo, ambao Belle anauimba akipita kijijini wakati watu wanafungua madirisha na kuuza mikate, unatujulisha upweke wake, upendo wake wa vitabu, majivuno ya Gaston na minong’ono ya majirani, mambo ambayo kwa maongezi ya kawaida yangechukua muda mrefu sana. Wimbo wa karamu, ambao kwa Kifaransa unaitwa “C’est la fête”, ulikuwa umepangwa aimbiwe baba. Watengenezaji walipogundua kwamba wimbo mkubwa kiasi hicho unapotea kwa mtu ambaye hadithi si yake, waliuhamishia kwa Belle. Ashman alifanya kazi hiyo akiwa mgonjwa, na wenzake walisafiri hadi karibu na nyumbani kwake katika jimbo la New York ili asichoke. Alifariki tarehe 14 Machi 1991, akiwa na umri wa miaka 40, miezi minane kabla filamu haijaonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Mwishoni mwa filamu wenzake waliandika maneno ya kumshukuru. Mara nyingi watu huizima kabla maneno hayo hayajatokea. Safari ijayo, mama, iache iende hadi mwisho.

Aitazame, basi, nawe ukiwa pembeni yake, na mjomba wake pia.

SWALI. Mimi ni kijana wa Katuba na ninajifunza kuchora. Filamu za zamani zilizochorwa kwa mkono zinanigusa kuliko zile za kompyuta, lakini sijui kwa nini. Naomba kuelezwa zilivyofanywa, na kama kuna Mkongo aliyewahi kufanya kazi ya namna hiyo.

JIBU. Ndugu yangu, tuendelee na filamu hiyohiyo ambayo mama wa Kamalondo ameiuliza. Sekunde moja ya sinema ina fremu 24, na kwa kawaida mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu mbili, kwa hiyo mhusika mmoja anayetembea kwa dakika moja anahitaji michoro kama 720. Mchoraji mkuu huchora mikao muhimu, na wasaidizi hujaza ile ya katikati. Glen Keane, aliyeongoza uchoraji wa Mnyama, alimwunganisha kutoka kwa wanyama wengi: manyoya ya shingo ya simba, kichwa na ndevu za nyati, paji la gorila, meno ya nguruwe mwitu, mwili wa dubu, miguu na mkia wa mbwa mwitu. Macho peke yake aliyaacha yawe ya binadamu. Ndiyo maana mwishoni, Mnyama anapogeuka mtu na Belle anasita, anamtazama machoni na kumtambua.

Lakini usidhani kwamba kompyuta haikuwemo. Michoro ilifanywa kwa penseli kwenye karatasi, ikaingizwa kwenye kompyuta na kutiwa rangi humo, na ule ukumbi wa dansi unaozunguka nyuma ya wachezaji wawili ulijengwa kwa kompyuta. Ninaamini kinachokugusa ni kwamba kila mchoro ni uamuzi wa mtu, na mkono wa mtu haurudii mstari uleule mara mbili.

Kuhusu Wakongo, mtafute Jean-Michel Kibushi. Mwaka uleule wa 1991 alitoa filamu fupi ya katuni, “Le crapaud chez ses beaux-parents”, kutokana na ngano ya Watetela kuhusu chura aliyekwenda kwa wakwe zake. Na katika mji wetu huu, kwenye karakana ya uchoraji ya Pierre Romain-Desfossés iliyoanza mwaka 1946, mchoraji aitwaye Bela alichora kwa ncha za vidole vyake bila brashi.

Kwa kuanza, chukua karatasi 24 za ukubwa mmoja, zitoboe matundu mawili juu ili zikae sawasawa kwenye misumari miwili ya ubao, na weka taa chini ya kipande cha kioo ili uone mchoro uliotangulia. Usianze na mtu anayekimbia. Chora mkono unaoinua bakuli.