"Wifi, hivi vitu unauza?"

Jumatatu usiku nilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa dada mmoja wa Mwanza. Kaolewa mwaka jana, wamepanga nyumba ya vyumba viwili, na ameshanunua makochi ya kijivu, zulia la manyoya, pazia za rangi ya dhahabu na saa kubwa ya ukutani. Anasema: "Dada, kila kitu ni kipya, lakini nikiingia sebuleni najiona kama nimekwenda kwa watu. Nataka nyumba ya Kipwani kama yako. Nianzie wapi?"

Niliusoma mara tatu. Miaka minne iliyopita ujumbe huo ningeuandika mimi.

Tulihamia hapa Tabata nikiwa na mimba ya miezi mitano. Mama yangu ni mtu wa Pangani, kwa hiyo nilijiona nina haki kamili ya kuwa na sebule ya Kiswahili. Nilikaa na simu usiku kucha nikitazama picha za hoteli za Unguja na Lamu. Pesa za kikoba zilipotoka nikaingia mtaani. Mwenge nikanunua jahazi la mbao na vinyago viwili vya Kimakonde. Kariakoo nikachukua stika ya ukutani yenye picha ya mlango wa nakshi, taa za vioo vya rangi, mito sita, na bakuli la kioo la kujazia makombe ya baharini. Jumla ilifika shilingi 850,000. Nilikuwa nafuta vumbi kila asubuhi, tumbo likiwa mbele, na nilikuwa na furaha ya kweli.

Mtoto alipofikisha arobaini, ukumbi ukajaa watu. Wifi yangu mkubwa akasimama katikati ya sebule, akazungusha macho, akauliza mbele ya wageni wote: "Wifi, hivi vitu unauza?"

Watu walicheka. Nikaingia jikoni na mtoto mgongoni, nikawasha bomba la maji ili nisisikike nikilia. Nimeandika makala nyingi kuhusu nyumba na hilo sikuwahi kulisema. Leo nalisema kwa sababu swali lile, pamoja na uchungu wake, lilikuwa swali sahihi.

Miezi kadhaa baadaye nilimpeleka mtoto Pangani akaonwe na bibi. Jioni ya kwanza nimekaa chini, nikaanza kuhesabu vitu vilivyomo chumbani mwake. Mkeka. Kasha la mbao lenye njumu za shaba. Kawa mbili zimetundikwa ukutani. Chetezo cha kufukizia udi. Kamba yenye kanga. Basi. Kuta nyeupe za chokaa, dirisha moja. Na chumba kile kilikuwa cha Pwani kuliko sebule yangu yote. Kila kitu kilikuwa na kazi yake: kawa hufunika chakula, kasha hutunza nguo, chetezo huingia kazini Alhamisi jioni. Mimi nyumbani nilikuwa na jahazi lisilosafiri na mlango usiofunguka.

Bibi ndiye aliyenifungulia akili kuhusu vyumba. Nilimlalamikia kwamba sebule yangu ni nyembamba kama korido. Akaniambia nyumba zote za mawe za zamani zilikuwa hivyo. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina mwisho wake, karibu mita 3 hivi. Chumba kingeweza kurefuka kadiri mtu apendavyo, lakini upana uliamuliwa na mti. Ndiyo maana watu walikaa kufuata ukuta, katikati pakaachwa wazi kwa mkeka. Ndiyo maana pia nyumba za Lamu zina zidaka, vile vishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta vya kuwekea sahani za kaure na vitabu: ukuta unabeba vitu, sakafu inabaki ya watu.

Kumbe ule wembamba nilioulilia ndio uliokuwa umbo lenyewe.

Nilirudi Dar nikagawa karibu kila kitu. Vinyago nilibakiza, ila vilihamia chumbani kwa mume wangu anakosomea, maana Wamakonde wana historia yao na si pambo la kuchanganya na majahazi. Stika nilibandua kwa maji ya moto, na rangi ikatoka nayo. Mwenye nyumba akakubali nipake upya kwa gharama yangu, kwa sharti kwamba sitoboi ukuta hata tundu moja.

Rangi nilizipata kwenye kabati la mama: kisutu chake cha harusi, ile kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nikajiwekea sheria. Sebuleni hakiingii kitu chenye rangi nje ya hizo tatu, isipokuwa rangi ya mbao na ya ukindu. Hiki ndicho kitu kimoja ninachomwambia kila anayeniuliza: tafuta kitambaa kimoja chenye maana kwako, kikuchagulie rangi. Ukichagua dukani utachagua kila siku upya, na pesa itaisha kabla chumba hakijakamilika.

Makochi tuliyauza. Fundi wa Keko akanitengenezea benchi ndefu ya kwenda na ukuta, fupi ya miguu, yenye droo chini za kuwekea nguo za mtoto. Alinizungusha miezi miwili, hayo tuyaache. Juu yake godoro la sponji la inchi 4, limevikwa kikoi. Badala ya zidaka, kwa kuwa sitoboi, nilichongesha rafu ya visanduku inayosimama sakafuni, nikaipaka nyeupe ileile ya ukuta hadi ikawa kama imezama humo. Vitu ndani yake havizidi saba, na vyote vinatumika. Hata birika la kahawa.

Mkeka wa ukindu ulitoka Pangani. Msimu wa masika utoeni nje mara kwa mara, hewa ya Dar ina unyevu na kuvu huingia kwenye ukili kabla hujajua. Lakini anikeni kivulini penye upepo. Jua kali hula rangi.

Na kanga ya ukutani, someni jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kutundika. Mimi nilikwisha kununua moja ya kumjibu wifi, neno kwa neno. Mama aliiona, akaikunja, akaondoka nayo. Aliniambia ukuta wa sebule unasema na kila anayeingia, si na mtu mmoja.

Sasa nakurudia, dada wa Mwanza. Tulipoandikiana uliniambia wazazi wako ni wa Bukoba. Kwa nini basi unataka Pangani yangu? Kwenu kulikuwa na msonge, nyumba ya duara yenye nyasi laini sakafuni. Kuna olubugo, kitambaa cha magome ya mti wa jamii ya mkuyu, chenye wekundu wa udongo ambao hakuna kiwanda kilichoupata. Kuna buni za kutafuna anazopewa mgeni kabla hajaulizwa shida yake. Makochi ya kijivu usiyauze, kijivu na wekundu ule vinapatana. Toa pazia za dhahabu. Toa zulia la manyoya. Mwombe mama kipande cha olubugo, na kikapu kidogo cha buni kikae mezani, kiwe na buni kweli, mgeni atafune.

Acheni kununua picha za maisha ya watu wengine, ndugu zangu. Nenda kwenu ukahesabu vilivyomo chumbani mwa bibi angali hai. Sisemi haya kwa kujikweza. Nilipoteza laki nane na nusu na machozi ya jikoni kabla sijaelewa.

Jumamosi iliyopita wifi alikuja na bintiye anayeolewa. Walikaa kwenye benchi, wakanywa kahawa, binti akawa anapitisha mkono juu ya mkeka. Kisha wifi akasema, huku akitazama kikombe, kwamba binti yake angependa kupakwa hina hapa kwangu, kwa sababu picha zitapendeza. Ya arobaini hakuyataja. Nami sikumkumbusha, ingawa nilikuwa nayo yote moyoni, hadi ile sauti ya bomba.

Nilikubali. Hina ni Alhamisi, na kisutu cha mama ndicho binti atakachokalia.