Wadogo zangu mnaoanza kuchora labirinti hapa Dodoma

Kwanza kabisa msichanganye labirinti na zile njia za kupoteza watu. Labirinti ina njia moja tu, unaingia unazunguka weee mpaka katikati halafu unarudi na hiyohiyo. Ile ya kanisa kuu la Chartres kule Ufaransa iko sakafuni tangu karne ya 13, upana karibu mita 13, mizunguko 11, na mpaka leo watu wanaitembea. Najua ndo mnayoitamani ila anzeni na ya mizunguko 7, ile ya zamani zaidi.

Kuichora sio kazi. Unapiga msalaba, kwenye kila kona unaweka kipembe kama herufi L na nukta moja, halafu unaunganisha ncha ya juu ya msalaba na ncha inayofuata kulia, unachukua inayofuata kushoto unaizungusha juu mpaka inayofuata kulia, hivyohivyo hadi ncha na nukta zote ziishe. Fanyeni kwenye mchanga kwa kidole hata mara ishirini, mkono uzoee.

Sasa kamba ya kuzungushia mistari kutoka kwenye kigingi, hapa ndo pamenitesa. Ya kwangu ya kwanza nilitumia nailoni, tumeanza asubuhi vizuri, saa saba jua limewaka kamba inavutika, mzunguko wa nje ukatoka sentimita kumi na kitu zaidi upande mmoja na rangi ishakauka. Siku hizi natumia waya wa kufungia nondo, nimeufunga kwenye kigingi cha chuma, hauvutiki.

Njia iwe sentimita 60 angalau, maana yake uwanja wa karibu mita 10, mama mwenye mtoto mgongoni apite bila kukanyaga mstari. Na chokaa ni ya kujaribia tu jamani, upepo wa hapa mwezi wa saba na wa nane mnaujua, asubuhi mistari yote imehamia kwa jirani. Ukishaitembea mwenyewe ukaona kona zinageuka vizuri, ndo upige rangi ya barabarani, na sakafu ifagiliwe mpaka lile vumbi jekundu liishe, la sivyo rangi inabanduka kama ganda. Kibali chukueni kwa maandishi, sio cha mdomo.

Ila kubwa kuliko yote, kabla hujapiga kigingi nenda kakae pale jioni mbili tatu uangalie watu wanapita wapi. Mie kuna uwanja nilichora juu ya njia ya mkato ya watu wanaokimbilia daladala, mwezi haujaisha rangi imefutika mstari mmoja mnyoofu kutoka huku mpaka kule, katikati kabisa ya mizunguko, na hawana kosa, njia ilikuwa yao. Tulipoirudia tukaisogeza pembeni, mlango tukauelekezea kwenye hiyo njia yao, na sasa hivi watoto wa shule wakitoka saa tisa wanaingia na mabegi yao wanafuatana mmoja mmoja mpaka katikati.